Kimya cha Ma Velediana

Vijana wangu wa chumba cha mitambo, siku mliyoniaga mlinipa kanga mbili, jembe, na ombi kwamba niandike yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya mashine. Jembe nimeshalitumia. Ombi limechukua muda zaidi, kwa sababu kila nikikaa kuandika, redio iliyo juu ya kinu inasema kitu, nami naacha kalamu nisikilize. Ya vyeo nayaacha, na mishahara kila mtu anajua wake. Nitaandika juu ya sauti. Miaka yote hii nimeishughulikia kwa mikono yangu, na hadi leo, nikiwa nimekaa kibanjani kwangu hapa Ihembe katikati ya migomba, bado sijazoea kwamba mtu anaweza kusema neno Kayanga na likasikika jikoni kwangu kabla hajafumba mdomo.

Nilianza kwa Mzee Salum, Omurushaka. Baba yake alipanda huku kutoka Pangani akiuza vitambaa, akaoa, akafungua duka. Mzee Salum alipolirithi, vitambaa vilihamia rafu ya juu na chini pakajaa redio za watu. Siku ya kwanza nilifika nikitarajia kupewa bisibisi. Nilipewa kiti.

"Kaa hapo, binti. Isikilize hiyo."

Ilikuwa redio ya mkulima mmoja, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Ina ugonjwa gani?" akauliza.

"Sijaifungua bado, mzee."

"Sikukuuliza umeona nini."

"Inakoroma."

"Inakoroma mtangazaji akisema, au hata akinyamaza?"

Sikujua. Nilikuwa nimemsikiliza mtangazaji, nikaacha kuisikiliza redio. Mzee Salum akacheka polepole, akamimina kahawa kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. "Maneno yanafunika ugonjwa," alisema. "Ukitaka kuijua redio, ngoja mtu anyamaze."

Nilikaa kwake miaka mingi. Alinifundisha kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha bila kuunguza ubao wake, kusafisha vumbi kwa brashi ya rangi ya maji, na kumwambia mteja ukweli hata kama ukweli wenyewe ni mende aliyefia ndani. Lakini kila nilipojiona nimekuwa fundi, alinirudisha kwenye kile kiti.

Kituo chetu kilipofunguliwa Kayanga, nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa mtu pekee wa karibu aliyeweza kuishika meza ya kuchanganyia sauti bila kuomba kitabu. Studio ilikuwa chumba chenye magodoro ukutani na bati juu. Sauti ilikwenda hadi mnara ulio kilimani juu ya Rubwera, upande wa Kyerwa, kwa njia ya zamani, na njia hiyo ilikuwa na mvumo wake. Ulivuma mchana, ulivuma jioni, kama mtu anayelala chumba cha pili. Mvua ikinyesha ilikuwa balaa. Ninyi mnaijua mvua ya huku, haidondoki, inamwagwa. Mtangazaji wa habari alikuwa anasoma bei ya kahawa, na wasikilizaji wanapata habari za bati letu.

Hapo ndipo nilipomkuta Ma Velediana. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, miwani yake imeshonwa kwa uzi upande mmoja, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma matangazo ya vifo, mchana na jioni. Alisoma jina la marehemu, kijiji, jina la familia, siku ya maziko. Kisha alinyamaza. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akautazama ukuta, na kimya chake kilikuwa kirefu kiasi kwamba mtu mgeni angedhani ameugua. Halafu alivuta pumzi, akasoma tangazo linalofuata. Mimi nilidhani anasali. Wengine walidhani anatafuta mstari. Hakuna aliyemuuliza. Nusu ya wafanyakazi alikuwa amewafundisha kusoma, na mwalimu wako huwa humuulizi kwa nini amenyamaza, unajikagua tu umefanya nini.

Kisha ukaja wakati wa kidijitali. Mtaalamu alitoka Mwanza na sanduku moja jeusi, jembamba, lenye kioo kidogo mbele. Ndiyo prosesa mnayoijua. Kazi yake ni kuipokea sauti kutoka mezani, kuipunguza pale inapopiga kelele, kuiinua pale inapozama, na kuitoa safi kuelekea mnarani. Mtaalamu alinionyesha kwenye kioo ukurasa wa njia ya kutokea, akaniambia kwamba humo sauti inakatwa vipande elfu arobaini na nane kila sekunde, kila kipande kinapewa namba, na namba hizo zinarushwa hadi Rubwera zikaunganishwe upya.

"Elfu arobaini na nane," nilisema. "Kila sekunde."

"Kila sekunde, mama. Na ukiandika namba nyingine hapa, wakati kule mnarani kuna elfu arobaini na nane, havitapatana. Utasikia vikwaruzo, au usisikie kitu."

Alinionyesha pia mstari wa saa. Pamoja na sauti, njia ile hubeba mapigo ya saa, ili chombo cha Rubwera kijue kila kipande kinaanzia wapi. Huku kunapiga, kule kunafuata, bila kuachana hata kidogo. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani nikiwatazama watu wakipiga soga mbele ya maduka, nikawaza kwamba kila neno lao lingeweza kusagwa unga na kurudishwa hindi zima upande wa pili wa milima, bila mtu kuona unga wenyewe. Sikulala mapema. Mume wangu aliniuliza kama nimegombana na mtu kazini.

Meneja wetu, Deusi, alikuwa na ombi moja kwa mtaalamu. "Utuondolee mvua."

Mtaalamu akatuondolea. Ndani ya prosesa kuna kitu tunakiita geti, na kinafanya kazi kama geti la nyumba: sauti kubwa inafunguliwa, sauti ndogo inafungiwa nje. Aliliweka geti juu kidogo, ili mtu akisema lifunguke, akiacha kusema lijifunge, na mvua ibaki uani. Siku iliyofuata mvua ilinyesha wakati wa taarifa ya habari na hakuna aliyeisikia isipokuwa sisi tuliokuwa chini yake. Tulipongezana. Deusi alinunua soda.

Siku mbili tatu hapakuwa na tangazo la kifo, lakini wiki haikuisha. Mchana mmoja Ma Velediana alisoma kifo cha mzee wetu, Ta Gaspari wa Kibingo, mkulima ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda zamani na ambaye karibu kila familia ya bonde lile iliwahi kula ndizi zake. Akasoma jina, kijiji, siku ya maziko. Akanyamaza. Sisi studioni tulisikia kimya, kama kawaida. Hatukujua kwamba kote Kyerwa, katikati ya kimya kile, redio zilianza kucheza muziki wa dansi.

Tulijua kesho yake, Eliya, mtoto wa marehemu, alipofika kwa pikipiki, bado amevaa shati la msibani. Alitusalimia wote, mmoja mmoja. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Nani alimpigia baba yangu muziki?"

Deusi alimsogezea kiti, hakukaa.

"Mama alikuwa anataka kutoka nje, akasikia magitaa," alisema Eliya. "Majirani wa ng'ambo wakaniuliza kama tuna harusi. Sijaja kugombana. Nataka kujua tu."

Ma Velediana aliyasikia yote akiwa mlangoni. Alivua miwani yake, akaiweka juu ya meza, kwenye karatasi za siku ile. "Sitasoma tena," alisema, "mpaka mtu aniambie kwamba nikinyamaza, nitabaki nimenyamaza."

Kwenye nafasi yake akakaa Prosper, mtangazaji wa michezo. Kijana mzuri, sauti nzuri, lakini alisoma marehemu kama kikosi kinachoingia uwanjani. Muziki haukuingia tena, maana hapakuwa na nafasi ya kuingilia. Deusi aliridhika. Lakini simu zilianza kuja kutoka Kibingo na vijiji vya jirani: mnasoma haraka, tunakosa. Mwanamke mmoja alisema amefika msibani kwa dada wa mama yake akakuta kaburi limeshafunikwa. Deusi alimjibu kwamba tangazo lilisomwa, saa yake ile ile, maneno yale yale. Ilikuwa kweli. Mwanamke alikata simu.

Niliwaita Deusi na Ma Velediana wakae meza moja. Sikuwa na hoja, nilikuwa na chai.

"Mwalimu, kimya redioni ni hasara," Deusi alisema kwa upole. "Msikilizaji anahama."

"Anahamia wapi, Deusi, na aliyekufa ni wa kwake?"

"Tunaweza kuweka muziki wa taratibu chini yake. Wa huzuni."

"Nilikufundisha kuhesabu ukiwa huwezi kufunga kaptura. Hapakuwa na muziki chini yake."

Deusi aliangalia chai. Ndipo akatoa uamuzi wake, na sikumlaumu, kituo kilikuwa chake kukilinda. Familia ya Ta Gaspari ilikuwa imeleta tangazo jipya, la kuanua matanga, na iliomba lisomwe na Ma Velediana mwenyewe, kwa namna yake. Deusi akakubali asome, siku ya Alhamisi. Muziki ukiingia tena juu ya jina lile, kimya kimekwisha katika kituo hiki, na matangazo ya vifo yatakuwa ya Prosper moja kwa moja.

"Na usipoingia?" akauliza Ma Velediana.

"Usipoingia, unyamaze upendavyo."

Basi nilikuwa na siku chache kabla ya Alhamisi. Nilianza pale ambapo yeyote kati yenu angeanza. Nilikagua vipande vya sekunde, huku na kule vilikuwa sawa. Nilikagua saa, ilipiga bila kuyumba. Nilibadilisha waya uliokuwa mzima, kwa sababu fundi asiyejua afanye nini hubadilisha waya. Kisha nilipanda Rubwera kwa bodaboda, nikakaa ndani ya kibanda cha mnara mbele ya taa za kijani zinazoonyesha sauti inayofika. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha ulinzi kilichokuja pamoja na njia mpya: kikiona sauti imekatika, kinadhani njia ya Kayanga imevunjika, kinawasha muziki wa akiba ili mnara usibaki bubu. Wa dansi, kwa sababu aliyeujaza alikuwa mtu wa dansi.

Saa ya kipindi cha kanda zilizorekodiwa, nilimpigia simu Deusi, nikamwomba akatishe kanda kidogo na kumkalisha Ma Velediana kwenye kipaza sauti.

"Asome nini?" akauliza.

"Aseme saa ngapi, kisha anyamaze."

Nilimsikia Ma Velediana kwa mbali kwenye simu. "Ninyamaze tu?"

"Mwambie anyamaze kama anavyonyamaza."

Akasema saa. Taa za kijani zilipanda na kushuka na sauti yake, kama vidole vya mtu anayepiga nyuzi za enanga. Kisha akanyamaza, nazo zikateremka, moja baada ya nyingine, zikateremka, na ya mwisho ikazimika.

Sikuwahi kuiona taa ile ya mwisho ikizimika. Zamani ule mvumo wa njia ya zamani ulikuwa unaishikilia, mchana na jioni. Mtu akinyamaza palibaki bati, palibaki kunguru, palibaki kiti kinachosogea. Sasa mbele yangu palikuwa na kimya ambacho dunia haina. Namba zilizokuja kutoka Kayanga zote zilikuwa sifuri, elfu arobaini na nane kwa sekunde, sifuri zilizopangwa vizuri, zinazofika kwa wakati. Kisha kisanduku kikatafakari kidogo, kikaona hakuna mtu, kikawasha magitaa.

Nilimkumbuka Mzee Salum na kiti chake. Nilikuwa nimeikagua prosesa siku zote hizo watu wakiwa wanasema.

Geti lilikuwa linafanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Ma Velediana akinyamaza lilijifunga kabisa, likafungia nje mvua, na pumzi yake, na chumba chote alichokaa. Kisanduku cha Rubwera hakikuwa na namna ya kumtofautisha mtu aliyenyamaza na mtu asiyekuwepo. Lakini tofauti ilikuwepo, nayo ilikuwa inafika pale pale kwenye waya: saa. Hata sauti ikiwa sifuri, mapigo ya saa ya Kayanga yalikuwa yanaendelea kufika, sawasawa, kama moyo wa mtu aliyelala. Njia ingekatika kweli, mapigo yangekatika. Niliingia kwenye mipangilio ya kisanduku nikakibadilishia kazi. Nilikiambia kisisikilize maneno, kisikilize saa. Saa ikipotea, cheza unachotaka. Saa ikiwepo, mtu yupo, mwache.

Nikarudi Kayanga nikalishusha geti la prosesa, lisijifunge kabisa, libaki na ufa.

"Mvua itarudi," Deusi alisema.

"Itarudi kidogo."

"Nilinunua soda kwa ajili ya geti hilo."

"Tulizinywa, Deusi. Asante."

Ningeweza kusikiliza tangazo la Alhamisi nikiwa studioni. Lakini studioni ndipo tuliposikia kimya wakati wenzetu wanasikia dansi. Nilikwenda Kibingo. Nilimwamkia mjane wa Ta Gaspari, Ma Konsolata, naye akanipa kiti kivulini mwa migomba, na ndizi ya kuchoma, na hakutaja muziki hata mara moja. Redio yao ndogo ilining'inia kwenye msumari mlangoni. Eliya alisimama karibu nayo kama mtu anayelinda ng'ombe asitoroke. Jua lilikuwa kali.

Sauti ya Ma Velediana ikaja, ileile, bila haraka. Familia ya marehemu Gaspari, wa Kibingo, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kuwa itaanua matanga siku ya Jumamosi, nyumbani kwa marehemu.

Akanyamaza.

Nikamwona Eliya akiitazama redio. Nami nikasubiri magitaa. Badala yake, kwa mbali sana, nyuma ya kimya, nikasikia mvua. Kayanga kulikuwa kunanyesha. Kibingo hapakuwa na wingu, lakini mlangoni pale, kwenye ule msumari, mvua ya Kayanga ilikuwa inapiga bati letu polepole.

Ma Konsolata alikuwa ameshainuka. Alipita karibu nami, akaenda hadi ukingoni mwa kibanja pale mteremko unapoanzia, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea bondeni, kwa Kinyambo, kwamba ni kwa Gaspari, ni Jumamosi. Kutoka chini, ndani ya migomba ambamo sikuona nyumba, sauti ya mwanamume ikajibu. Kisha sauti ile ile ikageuka, ikaelekea ng'ambo: kwa Gaspari, Jumamosi. Ng'ambo mwanamke akapokea. Baada yake nikasikia mwingine, mbali, sikuweza tena kuyashika maneno, niliushika mwendo wake tu. Halafu mwingine, au labda mwangwi. Halafu hapakuwa na kitu, isipokuwa ile mvua ya Kayanga.

Hapo ndipo Ma Velediana alipovuta pumzi, akasoma tangazo linalofuata.

Ma Konsolata alirudi kivulini akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sasa wamepata," alisema. Eliya alikuja akaniongezea ndizi sahanini, nami sikuweza kula. Nilikuwa nawaza kwamba kwa miaka yote ile watu wa mabonde haya walikuwa wanajenga ndani ya kimya cha mwanamke mmoja njia ndefu kuliko ya kwetu, isiyo na waya, na sisi kimya hicho tulikiita hasara.

Siku iliyofuata nilimkuta Ma Velediana mezani, miwani usoni, anapanga karatasi. Nilimwambia nilichokisikia. Nilimuuliza, kwa sababu kutoka studioni huwezi kusikia bonde hata moja, amejuaje kimya kiwe kirefu kiasi gani.

Aligonga karatasi zake mezani zikakaa sawa.

"Kwetu hakukuwa na redio, Jeni," alisema. "Msiba uliitwa bonde hadi bonde, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kuitwa."

Geti la prosesa mtalikuta nimeliacha na ufa. Mvua ikiingia, iacheni.